Kabichi Iliyopita Chini ya Pazia

Amahoro kwenu, wenzangu wa kikundi cha sukari, na amahoro kwa waliowasindikiza. Walio wa kanisani, Mungu asifiwe. Walio wa msikitini, salamu zenu ninazo pia, maana sukari haikuuliza dini ya mtu kabla ya kuingia mwilini mwake. Mwenyekiti ameniomba nisimame niseme namna nilivyoanguka na namna nilivyoinuka. Nitasema, ila mnivumilie. Mimi ni mtu wa maneno mengi na pumzi kidogo. Nilisoma masomo ya usiku nikiwa na ndevu tayari, nikapata cheti, na tangu siku ile mke wangu anasema ingekuwa heri ningebaki bila kusoma, angalau ningenyamaza kidogo. Sitamtaja mtu kwa jina. Rumonge yetu mnaijua: ukitaja jina la mtu sokoni, kabla hujameza mate habari imeshafika Nyanza-Lac na kurudi.

Kazi yangu ilikuwa kukwea michikichi. Kila mchikichi kutoka hapa mpaka Kigwena unazijua nyayo zangu. Nilikuwa nikijifunga ukanda wa kamba kiunoni, natembea juu ya shina kama mtu anayekwenda kanisani, nakata mkungu, unadondoka chini na ardhi inatikisika mpaka ng'ambo, Kongo. Msicheke, karibu itikisike. Na mafuta ya mawese yalikuwa yameniingia mwilini hata mbu wakinitua walikuwa wanateleza.

Na kula? Ndugu zangu, nawaambia, nilikula. Bugari, huo ugali wetu wa muhogo, niliyowekewa mimi ilikuwa mlima. Watoto walioketi upande wa pili walikuwa hawanioni. Juu yake sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa, inayoogelea kwenye mawese, na ndagala, dagaa za ziwa letu, zilizokaangwa kwenye mawese hayo hayo. Chakula kisicho na rangi nyekundu mimi nilikihesabu kuwa bado hakijapikwa.

Kisha uchovu ukaja.

Hapa mtanielewa ninyi, maana uchovu huu wasio na sukari hawaujui. Si ule wa kazi. Wa kazi unalala, asubuhi umeondoka. Huu unalala nao, unaamka nao, unavaa shati pamoja nao. Nilikuwa nafika chini ya mchikichi, nautazama kule juu, na ninatamani kuulilia. Nakunywa maji kama mchanga, na kiu iko palepale. Nikasema ni uzee, ingawa uzee wenyewe ulikuwa bado haujanifikia.

Siku moja nikakanyaga mwiba wa kuti la mchikichi. Mwiba wa kuti ni kitu gani kwa mkwezi? Nimechomwa na miiba ya kutosha kujengea ua. Nikauchomoa, nikapaka mawese, nikaendelea. Lakini kidonda kile kikakataa. Kinafunga juu, kinaoza chini. Mguu ukavimba mpaka kiatu kikaukana. Mke wangu akanifikisha lopitali, wakanipima damu, na daktari akautazama ule mguu kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

Akaniuliza, "Baba, huu mguu unaupenda?"

Nikamjibu, "Daktari, ndio ninaopandia."

"Basi kula kama mtu anayeupenda."

Akanieleza. Ni sukari, na imekuwepo muda mrefu. Kidole kidogo kimeshakufa, hicho hakina rufaa. Mguu uliobaki, akasema, utategemea dawa, usafi wa kidonda, na sahani yangu. Nusu ya sahani iwe mboga, tena si zile za kupondwa na kupikwa mpaka zikazama kwenye mafuta. Mboga zenye nguvu zake, na mbichi ziwemo. Bugari iwe kama ngumi. Nikamwuliza, ngumi ya nani? Akasema ya kwangu, wala nisiende kuazima ya mtu mwingine. "Sukari isiposhuka," akasema, "tutakutana tena, na siku hiyo tutazungumza habari ya kukata."

Kidole wakakiondoa. Nikarudi nyumbani nikiwa na dawa, bandeji na mguu ulio kwenye hukumu.

Sasa tazameni nyumba yangu ilivyokuwa. Mimi nimeketi mbele, mguu juu ya kiti. Mke wangu anauza ndagala kule ufukoni. Anashinda amejipinda juu ya mchanga akizianika na kuzigeuza jua likimpiga mgongoni, anarudi jioni ananuka moshi na samaki, ananifunga kidonda, kisha anaanza kupika. Chungu cha watoto kimoja, changu mimi cha pili. Alikuwa akisinzia ameshika mwiko. Mimi namwona kutoka pale nilipo, nami nimechoka hata kumwambia pole.

Siku moja nikaamua: leo nitajipikia mwenyewe, tena hizo mboga mbichi za daktari. Si nina cheti? Nikatuma nikaletewa kabichi, haya tunayoyaita amashu, nikalikata vipande vikubwa kama vya kumpa ng'ombe. Nikakionja kimoja. Mdomo ukaniuliza kosa lake ni nini. Nikasema, ala, kumbe kinachokosekana hapa ni mawese! Nikayachemsha yakawa mekundu yanang'aa, nikayamwagia yale makabichi, nikayatenga dirishani yapoe.

Mnajua mawese yanapopoa yanafanya nini. Mimi ndiye wa kujua kuliko wote, nimeishi ndani yake! Upepo wa ziwa ulipoyapiga yakaganda. Niliporudi nikakuta bakuli la mishumaa, kila jani limevaa nta yake. Lakini nimetumia bidii, siwezi kutupa, nikala. Ulimi ukateleza, meno yakavaa soksi. Jirani yangu, fundi baiskeli, akachungulia.

"Jirani, umeanza kufuga mbuzi?"

"Mbuzi ni mimi."

"Huyu mbuzi anakula majani na mshumaa? Basi jioni ataangaza!"

Akaenda akiwasimulia watu, na mpaka leo wako wanaopita wakinililia kama mbuzi. Nawasamehe, ingawa wengine wao nawaona mmeketi humu.

Nikalisukuma lile bakuli. Mke wangu aliporudi nikamwambia, "Mama watoto, mimi nimeshindwa. Mwambie daktari alete msumeno wake. Afadhali nibaki na mguu mmoja na bugari yangu."

Nilidhani atanifokea. Hakufoka. Alikaa chini palepale mlangoni, lungo la ndagala bado liko mapajani mwake.

"Baba watoto," akasema, "wakikukata huo muguu, muguu wako nitakuwa mimi. Na hii yangu miwili tayari hainitoshi."

Akainuka akaenda kupika. Ndugu zangu, mtu akikulilia unapata la kumwambia. Mtu aliyechoka kiasi cha kushindwa kulia, utamwambia nini?

Ndipo akamwita mama yake.

Mamamkwe wangu anakaa upande wa Nyanza-Lac. Ni mmoja wa wale waliokimbilia Tanzania, wakazeeka huko nusu, wakarudi. Akaja na kitenge chake na ndoo yake, kumsaidia binti yake. Na hapa taabu mpya ikaingia nyumbani, maana ninyi mnajua heshima ya mamamkwe. Kwao Warundi, na kwetu tuliovuka kutoka Kivu ya Kongo, hapo tunalingana: mkwe na mamamkwe hawatazamani usoni, hawali mmoja mbele ya mwenzake, hawasemeshani ovyo. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na pazia katikati. Mimi mbele na mguu wangu, yeye nyuma na sufuria zake. Na mke wangu katikati, akipeleka maneno.

"Mwambie mukwe wangu amahoro," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mama anasema amahoro."

"Mwambie amahoro na kwake. Hata mguu unamsalimu."

"Anasema hata muguu unakusalimu."

"Mwambie muguu usinisalimu. Muguu upone."

Pazia lenyewe ni jembamba kama ganda la kitunguu. Kila mtu anamsikia kila mtu. Lakini heshima ni heshima.

"Mwambie," mamamkwe akaendelea, "nimesikia alipika amashu. Aliipika namna gani?"

Nikaeleza yote, maana kumdanganya mamamkwe siwezi. Nikafika mpaka kwenye mawese. Kisha pazia likaanza kutikisika. Nikafikiri ni upepo. Ndugu zangu, alikuwa mamamkwe, amelishika pazia, anacheka. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka samaki wakazama chini kabisa ya ziwa.

Baadaye nikasikia kisu kinagonga ubao, tak tak tak, muda si mrefu. Sikusikia moto ukipulizwa. Kisha sahani ikapita chini ya pazia, ikisukumwa na vidole viwili. Kabichi. Mbichi.

Sasa nawauliza, ningefanya nini? Ya mke wangu ningeikataa, tungegombana, yangeisha. Lakini kurudisha sahani ya mamamkwe ikiwa na chakula ndani yake! Hilo ni jambo la kuitisha wakwe, wazee wakae, pombe ya ndizi iletwe, niulizwe mbele ya watu mama wa watu amenikosea nini. Nilikuwa tayari kuupoteza mguu, lakini kurudisha sahani ya mamamkwe, hapana. Nikajifunga moyo kama zamani nilivyojifunga ukanda wa kamba, nikatia mkono.

Nikatafuna, nikasubiri adhabu. Adhabu haikuja. Kabichi lilikuwa jembamba kama nyuzi, limelegea lakini bado linalia chini ya jino. Limau ikafika kwanza, ikaamsha mate ambayo nilidhani yamekauka. Avoka, yaani parachichi, ikafuata, laini, imejipaka kila mahali bila kuganda. Na juu kabisa kitu kinachovunjika, chenye chumvi na moshi: ndagala! Ndagala zetu zilezile za ufukoni, zimekaushwa kwenye kikaango kikavu na kusagwa kwa vidole. Pilipili ikaja mwisho ikafunga mlango. Ule mlima wa bugari sikuukumbuka. Ngumi yangu ya bugari ilibaki nusu, na mimi nimeshiba.

"Mwambie mama sahani imeisha."

"Mama, imeisha."

"Mwambie iko ingine."

Nikala na hiyo. Kisha nikasema, mwulize mama amefanyaje. Akaanza kueleza, mke wangu ananipa, mimi nauliza, mke wangu anarudisha, limau kabla ya chumvi au baada, avoka ya kuiva au ya kuiva sana. Mwishowe mke wangu akaweka mikono kiunoni.

"Nyinyi wawili mnasikiana! Mimi nimeshinda juani tangu asubuhi, sasa niwe redio yenu? Nalala!"

Akalala kweli. Tukabaki mimi na mamamkwe, pazia katikati, hakuna wa kutusemea. Kisha nikamsikia anagonga sufuria kwa kijiko.

"We sufuria," akasema, "hebu sikia nikufundishe."

Nami nikaelewa. Nikauinamia mguu wangu nikasema, "Mguu, tega sikio, sufuria inafundishwa."

Heshima ikawa salama, na mimi nikapata somo ambalo masomo ya usiku hayakunipa. "Sufuria," akasema, "kule Tanzania tulikokimbilia, kuni ilikuwa ya kutafuta mbali, na mwanamke anarudi amekufa na uchovu. Basi tukajifunza chakula kisichotaka moto. Wewe sufuria umezoea kupikwa mpaka mboga inasahau jina lake. Sikia sasa. Maji ya kuoshea yawe yamechemshwa yakapoa, sababu maji ya huku ufukoni iko na kipindupindu chake, usicheze nayo. Kabichi ikatwe nyembamba. Ukikata kubwa, umempikia ng'ombe."

Nikaugeukia mguu, "Umesikia unavyotukanwa?"

"Tia chumvi kidogo tu, uisugue na mikono kama unafua nguo ya mutoto muchanga. Halafu uiache. Ukae. Upumzike. Chumvi inafanya kazi, wewe unapumzika. Ukirudi imelegea, imetoa maji. Uikamue, na chumvi nyingi inakwenda na yale maji. Avoka uiponde ndani ya limau, hayo ndiyo mafuta yako, hayagandi. Kitunguu, nyanya kama iko. Ndagala ukaange bila mafuta, usage, umwage wakati wa kula, si mbele, sababu zitalegea. Imeisha. Na yote hiyo, sufuria, mutu anaifanya akiwa amekaa."

Akiwa amekaa! Ndugu zangu, hapo ndipo kitu kilipogeuka ndani yangu. Siku zote hizo chakula cha mgonjwa nilikifikiria kuwa kazi juu ya kazi, adhabu juu ya ugonjwa, chungu cha pili juu ya mabega ya mke wangu. Nami nilikuwa na mikono miwili mizima iliyokaa bure, na kiti, na mchana mrefu. Mguu ndio ulikuwa mgonjwa. Mikono haikuwa na sukari.

Kesho yake nikaomba ubao na kisu. Niliketi pale mbele, mguu juu ya kiti, nikakata. Jirani akapita akalia kama mbuzi. Nikamwambia, "Karibu, mbuzi mwenzangu, uonje." Akaonja kwa dharau. Akaonja tena bila dharau. Siku iliyofuata akaniletea malimau kutoka kwenye mti wake, akayaweka tu mlangoni na kwenda.

Jioni ya siku ile ya kwanza mke wangu aliporudi alikuta sahani zimefunikwa. Ilibaki kusonga bugari kidogo tu. Alikaa akala, na baada ya kula akabaki amekaa. Sikumbuki lini nilikuwa nimemwona hivyo, amekaa bila kushika kitu mkononi.

Sasa msiende kusema nimewaambia kabichi linaponya sukari. Sikusema. Dawa nilimeza na bado nameza, kidonda nilioshwa kila walipotaka kukiosha. Na haikuwa safari ya kwenda juu tu. Kuna siku nimeamka sitaki kuona jani. Kuna harusi niliyokula mpaka sukari ikaniangusha kitandani. Kuna wiki limau zilipotea sokoni nikatumia ukwaju, zikapotea nyanya nikala karoti iliyoparuzwa, ikapotea kila kitu nikachukua maharagwe yaliyolala, nikayaosha, nikayatia kitunguu na pilipili, nikasukuma siku. Lengalenga changa, mchicha wetu, nazimwagia maji ya moto, nazikamua, zinakubali. Ila sombe, nawaonya kabisa, msijaribu mbichi. Jani la muhogo bila moto wa kutosha ni sumu, hapo pikeni kama wazee walivyopika.

Pole pole, kidonda kikaanza kupungua. Muuguzi anakipima kwa macho, anasema tuendelee. Sukari inashuka, inapanda, inashuka zaidi. Siku moja daktari akafungua bandeji, akabonyeza, akauliza inauma? Nikasema inauma. Akacheka, akasema vizuri, mguu uliokufa haulalamiki. Ile habari ya kukata hakuitaja tena.

Michikichi sipandi. Nimekatazwa, na hata nisingekatazwa, nguvu zile zimekwenda na hazijaacha anwani. Nakaa chini na wanawake tunachambua chikichi kutoka kwenye mikungu, vijana wanapanda, na mimi nawafundisha kwa maneno kutoka chini, jambo linalowaudhi sana. Bado nachoka. Wapo watakaowaambia walipona wakawa wapya kama shilingi ya jana. Mimi si mpya. Lakini uchovu wangu siku hizi ni ule wa kulala nao ukaondoka.

Nilichojifunza ni hiki, na si kikubwa. Mgonjwa aliyechoka msimhubirie chakula. Mpeni kinachoweza kufanyika akiwa ameketi, tena kiwe kitamu, kwa sababu chakula cha adhabu hakuna atakayekila siku zote, hata kama mguu wake uko kwenye mizani. Na wewe mgonjwa, kabla hujajitangaza umeshindwa, angalia ni kiungo gani chako bado hakijaambiwa kifanye kazi.

Namshukuru daktari aliyeniuliza kama naupenda mguu wangu. Namshukuru muuguzi aliyekivumilia kidonda changu na harufu yake. Jirani, kwa malimau na hata kwa matusi. Mke wangu, aliyenibeba kabla sijajua nabebwa, murakoze, mama watoto, sina neno refu kuliko hilo, na wewe unajua ninavyoyapenda maneno marefu. Na mamamkwe, popote anaposikia, namshukuru kwa heshima zote, bila kumtazama.

Kabichi lililo ndani ya lile beseni lililofunikwa pale mezani nimelikata mwenyewe tangu asubuhi. Ndagala ziko pembeni, kila mtu amwage za kwake. Naweni mikono, mle. Huu mguu umesimama vya kutosha kwa leo, mimi nauketisha.